Milingoti ikaguliwe ikiwa chini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu makala mliyochapisha hivi karibuni juu ya mashua za matanga zinazotoka Maziwa Makuu ya Marekani na Kanada, kila mwaka msimu unapokaribia kwisha, na kupita katika Mfereji wa Erie ili kuifikia bahari ya Atlantiki. Mwandishi ameeleza vizuri historia ya mfereji huo uliofunguliwa mwaka 1825, lakini suala la milingoti amelimaliza kwa sentensi moja tu, kwamba hushushwa na kufungwa juu ya sitaha. Mimi ni fundi wa maboti hapa Port Bell, na niliwahi kuwa baharia katika mashua iliyopita njia hiyo mwezi wa Oktoba. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kiini cha safari nzima.

Kwanza nisahihishe kipimo cha nafasi iliyopo chini ya madaraja, ambayo ndiyo sababu ya kushusha milingoti. Madaraja ya chini kabisa kati ya Waterford, kwenye Mto Hudson, na Oswego, kwenye Ziwa Ontario, huacha nafasi ya futi 21, yaani takriban mita 6.4, lakini anayeendelea magharibi kuelekea Buffalo hukutana na madaraja yenye nafasi ya futi 15 na nusu, ambazo hazifiki mita 5. Makala ilitaja kipimo kimoja kwa njia yote. Mlingoti wa mashua ya kawaida hauwezi kupita ukiwa umesimama popote pale, hilo ni kweli. Hata hivyo mlingoti uliolazwa hukaa juu ya vihimili vya mbao, juu ya paa la chumba, na mwenye mashua aliyefunga pia fremu ya paneli za sola upande wa tezi, yaani nyuma ya mashua, anapaswa kujua kipimo sahihi kabla hajaagana na gati.

Mfereji hufungwa mwezi wa Oktoba kwa sababu ya baridi kali na ukarabati, na aliyechelewa hubaki humo na mashua yake hadi mwaka unaofuata. Ndiyo maana watu hufanya haraka kwenye winchi. Nyuma kuna mashua nyingine zinasubiri zamu, vidole vimekufa ganzi, mchana ni mfupi. Pini hutupwa ndoo moja, nyaya zinazoushikilia mlingoti hukunjwa ovyo, skrubu za kuzikazia huburutwa sitahani na hesi zake zikaharibika. Naamini milingoti mingi inayovunjika baharini huanza kuharibika siku ile.

Kazi hiyo inataka utaratibu. Tanga na boriti yake hutolewa mapema, mashua ikiwa bado haijafika kwenye winchi. Kila skrubu ya kukazia hupigwa alama ya utepe mahali ilipokuwa imekazwa, na kila waya huandikwa jina lake, wa kulia au wa kushoto, wa juu au wa chini. Mlingoti ukishalala, nyaya hufungwa pamoja nao kila baada ya hatua moja ili zisicheze, na chini yake huwekwa vihimili vitatu, kwa maana ukiachwa kwenye viwili hupinda katikati kila wimbi la boti inayopita linapoutikisa. Kwa kawaida mlingoti ni mrefu kuliko mashua yenyewe, kwa hiyo ncha zake hutokeza mbele na nyuma. Ndani ya vyumba vya malango ya maji, kama lile la Little Falls linalopandisha mashua zaidi ya mita 12, ncha hizo ndizo za kwanza kugonga ukuta, na lazima mtu mmoja asimame kuzilinda. Tena, taa ya juu na antena ya redio vimeshuka pamoja na mlingoti, hivyo antena ya muda hufungwa mahali pengine, kwani wasimamizi wa malango huitwa kwa redio katika chaneli ya 13.

Sasa nije kwenye jambo ambalo makala haikuligusa. Siku hizo za mferejini, kilele cha mlingoti kiko usawa wa kifua cha mtu, na anayeketi kunywa chai tu anapoteza nafasi kubwa. Chukua pamba, uizungushe kwenye waya na uivute polepole toka mwisho mmoja hadi mwingine. Uzi mmoja wa chuma uliokatika utainasa pamba hata kama jicho halikuuona. Kisha tumia kioo cha kukuzia pale waya unapoingia katika kikombe chake cha chuma, maana maji hujificha humo na chuma cha pua huoza kwa ndani huku nje kiking'aa. Ufa mwembamba kama unywele hapo unatosha kuukataa waya mzima, nao ubadilishwe bila mjadala. Zungusha kwa kidole kila roda ya henza, yaani kamba ya kupandishia tanga. Taa zijaribiwe kwa betri mlingoti ukiwa bado chini.

Unaposimikwa tena, huko Catskill au penginepo kando ya Mto Hudson, nyaya za juu hukazwa kwanza kwa zamu, kulia na kushoto, na henza hutumika kupimia umbali hadi ukingo wa kila upande mpaka vipimo vilingane. Nyaya za chini hufuata, fundi akitazama mlingoti toka shinani kwenda juu kuhakikisha haukupinda.

Nimeandika haya kwa sababu sisi huku hatuna daraja linalotulazimisha. Mashua za matanga za Kaazi, Entebbe na Jinja hukaa miaka milingoti ikiwa imesimama, na hakuna anayejua hali ya kilele chake hadi dhoruba ya ghafla ya Ziwa Victoria imwoneshe. Nawaomba wenye mashua hizo wachangiane gharama za winchi kwa siku moja kila mwaka, kabla ya mvua za Oktoba na Novemba, wailaze milingoti yao na kuikagua kwa njia hiyo hiyo. Na kabla winchi haijainua chochote, mtu mmoja apewe kazi ya kutazama nyaya za umeme zinazopita juu, kwa kuwa mlingoti wa alumini ukizigusa, aliyeushika hatapona.

Wako mwaminifu,
Fundi wa maboti,
Port Bell, Kampala.