Mvua ya Miti Mitatu

Baba Rehema,

Salaam aleikum, na habari za siku nyingi. Huku Amsterdam tu wazima, ila baridi imetukalia. Bibi yake Rehema mguu umepoa? Nimepiga simu mara mbili hukupokea, mpaka Mzee Kombo akaniambia tangu arobaini ya marehemu Mama Rehema hujagusa kalamu. Usingizi umenipaa tangu siku hiyo.

Jumamosi nilikwenda kwenye nyumba aliyoinunua Rembrandt, yule mchoraji wa Uholanzi, mwaka 1639, siku hizi ni makumbusho. Nikaikuta ile Miti Mitatu, picha yake aliyoichapa kwa bamba la shaba, tuliyokuwa tukiinakili chuoni. Kumbe ndogo hivi! Haizidi karatasi ya A4. Kitabu chetu kilitudhulumu, ndugu yangu. Pale kulia chini tulipodhani ni weusi mtupu, wamo wapenzi wawili wamejificha kichakani. Nilisogeza uso hadi mlinzi akanikoholea. Kushoto yuko mvuvi na mwanamke kando yake, mbali kabisa ni mji, na juu ya kilima ameketi mchoraji, kawapa wote mgongo.

Lakini mvua! Mistari minyoofu inashuka mshazari kutoka pembe ya juu kushoto, mizito, kana kwamba mtu kaegemeza rula. Rembrandt hakuiachia tindikali peke yake kuchimba mistari ya bamba hili. Alilikwaruza pia kwa sindano, shaba ikiwa kavu, bila tindikali. Limeandikwa 1643. Mkewe Saskia alimzika Juni 1642, akabaki na Titus wa miezi tisa. Sisemi mvua ile ni kilio chake, siwezi kumsemea. Ila nimesimama pale, nikakuwaza wewe tu.

Kuna kijana huwachapia wageni. Anapaka wino, anaufuta hadi ubaki ndani ya mikwaruzo, analaza karatasi mbichi, anazungusha gurudumu. Harufu ile ikanirudisha karakanani kwetu, wewe ukiandika jina lako kinyumenyume ili litoke sawa, bila kioo! Sijaona mwingine anayeweza.

Na ile mvua, nilirudi kuitazama tena kabla ya kutoka.

Nimekununulia sindano mbili na kipande cha shaba, kipana kama kiganja. Bi Mwanajuma atakuletea akija mwezi ujao. Tafadhali vipokee, hata ukiviweka kabatini kwanza.

Mashine ya kuchapia bado iko kwa Mzee Kombo, au ameiuza? Nta nyeusi ya kupaka bamba unaipata wapi siku hizi? Mwembe wa uani, ule aliokuwa akichambulia mchicha chini yake Mama Rehema, bado upo? Uliwahi kuuchora? Na Rehema analala vizuri usiku, au bado anamwita?

Ijumaa nitapiga baada ya magharibi. Pokea, hata kama huna la kusema.

Ndugu yako,
S.