Upekecho jukwaani

Mhariri,

Kila mashindano ya muziki ya shule yakikaribia, yanarudi yale yale: kwamba muziki wa okestra ni wa ikulu na kanisa, haumjui mtu anayeshuka teksi (basi dogo la abiria) Kampala na mkungu wa matoke. Wanaosema hivyo hawajakutana na watunzi wa Kicheki wa kati ya vita viwili vya dunia.

Mmoja wao, Bohuslav Martinů, aliandika Half-time mwaka 1924, kipande cha okestra kuhusu mpira wa miguu. Kilipigwa Prague Desemba mwaka huo, Václav Talich akiongoza, na wahakiki wengine wakamshutumu kwamba kamwiga Stravinsky, mtunzi Mrusi. Haidhuru. Mwaka 1927 akaingia jikoni.

Kuchyňská revue (“Onyesho la Jikoni”) ni mchezo wa dansi ambao wahusika wake ni vyombo. Sufuria na Mfuniko ni wanandoa. Sufuria anamtamani Upekecho, Mfuniko anabingirika na kupotelea pembeni. Kitambaa cha vyombo kinamtongoza Mfuniko, Ufagio anakitaka ugomvi, na mwishoni mguu mkubwa unatokea nyuma ya pazia kumrudisha Mfuniko kwa teke. Na ni upekecho hasa, kvedlačka, ule unaosokotwa kati ya viganja. Anayetafsiri “mwiko” ameharibu. (Hapa kwetu, matoke yakifunikwa kwa majani ya mgomba, Mfuniko angekuwa na mpinzani mwingine.)

Wapigaji ni sita tu: klarineti, basuni, tarumbeta, fidla, selo na piano. Walimu wengi wangekosea hapo hapo kwa kuleta sufuria za kweli wazigonge. Martinů hakuweka hata ngoma moja. Jiji limeingia kwa miguu: tango na charleston, dansi za kumbi za starehe za miaka ile.

Charleston ndiyo inayowashinda vijana. Gawanya kipimo cha nne kwa nne kiwe hesabu nane, piga ya 1 na ya 4, kisha acha. Wanafunzi huisukuma ya 4 iangukie ya 5, na papo hapo inageuka gwaride la polisi. Dawa yake: mguu ukanyage 1, 3, 5 na 7, makofi yalie 1 na 4. Kofi la pili lazima lilie mguu ukiwa hewani. Wafanye hivyo polepole bila ala yoyote mpaka mguu uache kulifuata kofi, ndipo washike klarineti.

Tatizo la pili ni tarumbeta kuimeza selo. Mketishe mpiga tarumbeta nyuma, mdomo wa ala usiwaelekee watazamaji, na selo iwe mbele kabisa. Mfuniko wa piano ufunguliwe nusu tu. Asiye na basuni asiweke tuba, itakuwa nzito mno. Klarineti besi inafaa zaidi.

Kwa wanaotaka kuiandika Kampala yenyewe, honi ya boda boda ni njia ya mkato isiyofika popote. Leoš Janáček, mtunzi mwingine Mcheki, alikuwa akinakili kwa nota jinsi watu wanavyosema, hata barabarani, na nyingine akazichapisha gazetini, katika Lidové noviny. Msikilize kondakta wa teksi anapoita abiria wa mtaa wa Ntinda, “Ntinda, Ntinda”: andika sauti inapanda wapi, inashuka wapi, silabi ipi inavutwa. Usiinyooshe iwe wimbo.

Mwalimu wa muziki,
Kampala