Nusu saa ya kusubiri Caravan ina sababu yake

Mhariri,

Abiria wa Cessna Caravan, zile ndege ndogo za kwenda Zanzibar, Mafia na viwanja vya changarawe vya mbugani, wanaijua hali hii: rubani anapiga stata, injini inavuma kidogo, kisha kimya. Anarudia. Ikishindikana mara ya tatu anawaomba wateremke, wasubiri nusu saa. Hapo lawama huanza, na siku hizi huishia mitandaoni: ndege mbovu, rubani hajui kazi. Mara nyingi rubani huyo anafanya hasa anachotakiwa kufanya.

Kwa betri ya ndege, stata inaruhusiwa kufanya kazi sekunde 30, ipumzike 60, sekunde 30 tena, ipumzike 60, kisha 30 za mwisho. Baada ya hapo ipoe dakika 30. Kwa umeme wa nje, yaani wa kigari kinachounganishwa na ndege ikiwa chini, masharti ni makali zaidi: sekunde 20 kwa dakika 2 za mapumziko, mara ya tatu ikishindikana ipoe saa nzima. Umeme wa nje haulegei kama betri, kwa hiyo stata hula ampea nyingi na kuchemka upesi. Wanaopiga kelele “jaribu moja tena, kapteni!” wajue kwamba stata ikiungua mbugani, hawatangoja nusu saa, watalala huko.

Lakini stata ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni joto. Kabla ya kufungua mafuta rubani hutazama mambo mawili: betri isiwe chini ya volti 24, na mzunguko wa kompresa (mapanga yanayosukuma hewa ndani ya injini), yaani Ng, ufike angalau asilimia 12 na utulie. Mafuta yakifunguliwa mapema, au betri dhaifu ikafanya kompresa ijikokote, hewa ya kupoza moto haitoshi na ITT, yaani joto la gesi kwenye tabaini (mapanga yanayozungushwa na gesi ya moto), hupanda kwa kasi. Kikomo wakati wa kuwasha ni nyuzi 1,090 za Selsiasi, tena kwa sekunde 2 tu. Ukipita hapo, mapanga ya tabaini yanaweza kuwa yameharibika na injini lazima ikaguliwe. Upepo unaotoka nyuma huongeza hatari. Vivyo hivyo hewa nyepesi ya Seronera, katika mbuga ya Serengeti, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na betri iliyolala kwenye baridi.

ITT ikikimbilia 1,090, wenzo wa mafuta urudishwe mahali pa kufunga, lakini stata isiachwe: iendelee kuzungusha ili hewa ipoze. Anayezima vyote kwa hofu huacha moto ndani bila hewa ya kuutoa. Joto lisiposhuka, moto bado upo. Ifungwe na vali kuu ya mafuta, stata ikiendelea.

Injini isipowaka ndani ya sekunde 10 baada ya kufungua mafuta, funga mafuta, achia stata, ngoja sekunde 30 mafuta yachuruzike, kisha izungushe bila cheche kwa sekunde 15, swichi ya stata ikiwa kwenye MOTOR. Kuruka hatua hii ndilo kosa baya kuliko yote, kwa sababu mafuta ya jaribio la kwanza yatawaka pamoja na ya jaribio la pili. Sekunde hizo 15 nazo zinahesabiwa kwenye kikomo cha stata. Halafu sikiliza: cheche husikika zikigonga. Zikiwa kimya, shuku umeme wake au plagi. Zikisikika, tazama presha ya mafuta. Injini ikiwaka lakini Ng ikagoma kufika asilimia 52, mwendo wa injini kujiendesha taratibu, mshitakiwa wa kwanza ni betri, wa pili ni stata iliyoachiwa mapema. Baada ya hao ndipo fundi atafute bomba la P3, lile la kupeleka hewa ya kompresa kwenye kidhibiti cha mafuta, kama linavuja.

Kuna pia wasamaria wanaosogeza gari la watalii na nyaya zake. Nyingi ya gari hizo zina volti 12. Hata lori la volti 24 halifai: ndege inataka chanzo cha ampea 800 hadi 1,700, na betri ya gari italegea katikati ya kuwasha, wakati mbaya kuliko wote.

Kwa wenye kampuni: wekeni kigari cha umeme wa nje katika viwanja mnavyotua kila siku, kipimwe volti 24 hadi 28.5, kisizidi ampea 1,700. Safari za dakika 20 huwasha injini mara nyingi na kuchaji betri kwa muda mfupi, kwa hiyo kaboni za stata (vipande vinavyopitisha umeme na kulika) zikaguliwe kwa kuhesabu pia idadi ya kuwasha, si saa za kuruka peke yake. Na marubani wawaambie abiria sababu kabla ya kuwateremsha. “Stata imefika kikomo, tutajaribu tena saa nne na robo” inatosha.

Mafundi wa ndege ndogo,
Dar es Salaam