Barua kwa mwanangu: picha ya mcheza nyoka

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Picha nimeipata na swali la mwalimu wenu nimelisoma: mchoraji kasema kweli au kasema uongo? Swali limekaa upande. Fundi hodari hadanganyi kwa kuchora kisichokuwepo. Huchukua vitu vya kweli vya mbali mbali, akavishona pamoja, akaficha mshono. Basi usianze na hasira. Anza kwa kufumua.

Picha ni ya Mfaransa Jean-Léon Gérôme, ya mwaka 1879 hivi. Ni ndogo kuliko inavyodhaniwa: kama sentimita 82 kwenda juu na 121 kwa upana. Iko katika makumbusho ya Clark, Williamstown, Massachusetts. Wengi wanaijua kwa sababu iliwekwa kwenye jalada la Orientalism, kitabu cha 1978 cha Edward Said, msomi wa Kipalestina aliyeikosoa namna Magharibi inavyoieleza Mashariki. Hapo ndipo wanafunzi hujikwaa. Kitabu chenyewe hakiichambui picha hii, kwa hiyo usije ukaandika "Said anasema kuhusu mcheza nyoka". Aliyeichambua ni Linda Nochlin, mwanahistoria wa sanaa wa Marekani, katika makala yake ya 1983.

Chukua karatasi uigawe safu tatu: kitu, kinatoka wapi, kilikuwa na kazi gani huko kilikotoka. Safu ya tatu ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye mali.

Anza na ukuta. Vile vigae vya buluu ni vya kasri la Topkapı, Istanbul, nyumba ya masultani. Halafu nyoka. Wacheza nyoka walikuwepo Cairo, hilo usilikanushe. Mwingereza Edward Lane, katika kitabu chake cha 1836 kuhusu Wamisri, anawataja watu wa tarika ya Rifai, yaani njia mojawapo ya masufi, waliokuwa wakiitwa majumbani kutoa nyoka. Yaani ilikuwa kazi yenye mteja na ujira, kama mtu anayeitwa kufukuza nyuki darini. Gérôme kaondoa mteja, kaondoa ujira, kaiingiza kazi ya mtaa wa Cairo ndani ya kasri la Istanbul, na badala ya fundi kamsimamisha mtoto wa kiume uchi wa mnyama na chatu mwilini. Mzee anapiga zumari, wanaume wenye silaha wameegemea ukuta wakitazama. Mtoto uchi mbele ya wanaume, chini ya aya za Kurani zilizoandikwa ukutani! Hapo mshono unaonekana hata bila miwani.

Ukimaliza, ongeza safu ya nne: nini hakipo. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869. Dola ya Uthmaniya, iliyotawala kutoka Istanbul, ilitangaza katiba 1876, na bunge likakutana mwaka uliofuata. Ndani ya picha hakuna dalili hata moja ya miaka hiyo, utadhani saa ilisimama. Hakuna anayefanya kazi. Mzungu naye hayumo, ingawa jicho tunalotazamia ni lake: sisi tumewekwa nyuma ya mtoto, wale wako mbele yake, na aibu ya kutazama imebebeshwa wao peke yao. Angalia pia vigae vilivyobanduka. Nochlin anasema nyufa kama hizo zilikuwa lugha ya wachoraji wa wakati ule: Waislamu wameshindwa kutunza walichorithi. Mimi nakubaliana naye.

Lakini mkosoaji naye akaguliwe. Katika tanbihi Nochlin anaandika kwamba Said alimwambia, katika mazungumzo, kuwa sehemu kubwa ya maandishi ya ukutani haisomeki. Waliokuja baadaye wameisoma ile mistari ya juu: ni Al-Baqara 256, aya inayosema hakuna kulazimishana katika dini. Wewe uliyepita chuo cha Kurani huna udhuru. Kuza picha kwenye kompyuta, fungua msahafu, linganisha herufi kwa herufi. Usiandike "maandishi ya kubuni" kwa sababu tu wakubwa wawili wameshasema.

Kosa jingine ni kugeuza shati ndani nje: Magharibi yote uongo, Mashariki yote safi. Sadiq Jalal al-Azm, mwanafalsafa wa Syria, alilionya jambo hilo mapema, 1981. Lane huyo huyo aliyeandika kwa jicho la mgeni alikijua Kiarabu barabara, na bila yeye tungekosa ushahidi wa Warifai.

Ukitaka mfano wa kuweka kando ya Gérôme, mtafute Osman Hamdi, Mturuki aliyesomea uchoraji Paris. Watu wake wanasoma vitabu, wanasimama wima, wanajadiliana. Naye pia alipenda kuvalisha watu majoho ya zamani, kwa hiyo zile safu zake nazo zijaze.

Na kwetu yuko Bibi Salme binti Said, binti wa sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa Unguja 1844. Kumbukumbu zake alizichapisha Ujerumani, kwa Kijerumani, 1886. Humo anawasema watalii wanaokaa wiki chache katika nchi za Waislamu kisha wakaandika kitabu kizima juu ya wanawake wasioweza hata kuwaona. Miaka 92 kabla ya kitabu cha Edward Said! Ila katika kitabu hicho hicho anautetea utumwa, kwa hiyo ukimnukuu la kwanza, la pili usilifiche. Msomaji akiligundua mwenyewe, hata lile la kwanza hataliamini tena.

Mtakapokwenda Williamstown, kabla hujaitazama picha soma kile kibao kilicho kando yake. Nakili kinavyosema mahali ni wapi: Istanbul, Cairo, au "Mashariki" tu. Nitumie siku hiyo hiyo.

Mama yako