Kishikwambi kimoja, watoto 68

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika kwamba vishikwambi walivyopewa walimu vimegeuka vya kutazamia mpira. Sitamkatalia. Mimi ni mwanachuo wa ualimu wa shule ya msingi, nimemaliza juzi mazoezi ya kufundisha, BTP kama tunavyoyaita, katika shule moja ya hapa Tanga mjini, na mpira nimeuona ukitazamwa. Ila nimeona na sababu yake.

Vishikwambi vyenyewe ni vile vilivyotumika kuhesabia watu kwenye Sensa ya 2022, baadaye vikagawiwa walimu. Mwanagenzi hapewi, anaazima. Mwalimu mlezi wangu, mama mtu mzima aliyekula chumvi nyingi kazini, alinikabidhi cha kwake kikiwa kimeviringishwa kwenye kitenge. "Chukua mwanangu, ukikijua utanifundisha na mimi." Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania.

Chuoni TEHAMA tumesoma. Sehemu za kompyuta nazitaja bila kupepesa macho, na kwenye mtihani nilichora kipanya kwa penseli nikapata alama zote. Kompyuta yenyewe tuliikalia wanne wanne, na aliyewahi kiti ndiye aliyeshika kipanya, wengine tukawa watazamaji. Ambalo sikufundishwa hata kipindi kimoja ni hili: una kioo cha ukubwa wa daftari, mbele yako wamekaa watoto 68 wa Darasa la Tano. Unaanzia wapi?

Nilianza vibaya. Somo lilikuwa Sayansi, wanyama wenye uti wa mgongo, na mimi nikataka kuwaonyesha silikanti. Niliona aibu mtoto wa Tanga amalize shule hajamwona samaki huyu hata kwenye picha. Wataalamu waliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria, mpaka aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Huku kwetu wavuvi wamekuwa wakimkuta kwenye jarife, ule wavu wa kutegea papa, na sehemu ya bahari yetu ikatengwa kuwa hifadhi yenye jina lake. Nikaazima projekta kwa kaka mmoja mwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video, pale Makorora. Madirisha hayana mapazia, nikakusanya kanga za walimu nikaziba. Nikawasha, picha ikatoka, darasa likashangilia, na kabla samaki hajageuza mkia umeme ukazima. Mtaa mzima ulikuwa unawaka. Ni sisi tu, uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zilikuwa zimekwisha.

Nikanyakua kishikwambi, nikakiinua juu ya kichwa kama mtu anayeuza magazeti stendi. Tulikwisha kutoa kanga ili tupate hewa, kwa hiyo jua likakipiga kioo. Waliokaa mbele waliona vidole vyangu, wa nyuma hawakuona chochote wakaanza kugombana. Kisha bando likakata.

Mkufunzi aliyekuja kunikagua wiki ile hakukuta vurugu hizo. Alikuta andalio la somo. Kwenye sehemu ya zana nilikuwa nimeandika "kishikwambi, projekta", akaweka tiki, akasifu. Hakuuliza watoto waliona nini. Nilipowasimulia wenzangu walicheka, maana wako walioandika "projekta" katika madarasa ambayo hata soketi hayana, na wao wakapata tiki.

Msaada niliupata Pongwe, kwa bibi yangu. Jumapili tunamenya mihogo, namweleza masaibu yangu, akaniuliza kwa nini nahangaika hivyo wakati wao mwaka 1973, kwenye Mtu ni Afya, ile kampeni ya elimu ya afya kwa redio, walikuwa kikundi kizima na redio moja. Nikamuuliza walifanyaje. Akasema kiongozi wao alikuwa na kijitabu, anakisoma kwanza kabla ya siku. Redio ikianza, kimya. Kipindi kikiisha inazimwa, ndipo kazi inapoanza: wanaulizana, wanabishana, kisha wanakwenda kuchimba vyoo. "Redio ilikuwa mgeni tu," alisema, "wenyeji tulikuwa sisi."

Lile neno "inazimwa" lilininyima usingizi. Mimi nilikuwa nimepanga kuwasha tu.

Usiku huo nikapakua ile video kabisa, nikaikata ibaki dakika tatu. Asubuhi na mapema nikapita soko la samaki la Deep Sea, nikanunua changu wawili na vibua kadhaa. Darasa nikaligawa makundi manane. Kila kundi lilikuwa na samaki wa kushika, kumchora na kumhesabia mapezi, huku kundi moja moja likija mezani kwangu, kwenye kona yenye kivuli, kumtazama silikanti likiwa tayari na swali: yule ana mapezi mangapi mgongoni, na ya chini anayapelekaje? Makundi manane kwa dakika tatu ni dakika 24, na kipindi kina 40. Dakika zilizobaki nilizima kifaa. Nilichokipata sikukitegemea. Binti mmoja alisema kwa sauti, "Mwalimu, anatembea kama mbuzi!" Na ni kweli, yale mapezi yake manene huyapeleka kwa zamu, la kulia la mbele pamoja na la kushoto la nyuma. Mvulana mwingine, baba yake mvuvi, akasimama bila kuitwa akawaeleza wenzake jarife hutegwa vipi na kwa nini samaki wa chini kabisa huingia humo. Alieleza vizuri kunishinda.

(Siku ya Kiingereza nilitumbukiza simu kwenye ndoo tupu ya plastiki, sauti ikafika hadi dawati la mwisho. Hilo nalo halimo kwenye mtaala wa chuo.)

Ninachoomba kwa wanaopanga mafunzo yetu ni kwamba mkufunzi akija kukagua, akae kwenye dawati la nyuma kabisa aone kama kutoka pale kitu kinaonekana, ndipo atoe alama. Na vyuo vitupe vishikwambi japo vichache, tufanye mazoezi kwa darasa la watu 60, kwani wanachuo wa kujifanya wanafunzi si tupo? Shule nazo zituite kwenye MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini. Nilipoomba kukaa nyuma siku walimu walipokutana, walinikubalia, na katika saa mbili zile nilijifunza kuingia maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania na kusoma vitabu vya kiada, jambo ambalo muhula mzima wa kuchora kipanya haukunipa.

Mwalimu asiyeonyeshwa kifaa kinafundishia vipi atakifanyia nini? Atatazama mpira. Mimi mwenyewe, yale mazoezi yangeisha siku ile ya LUKU, ningerudi chuoni nikisema mambo haya ni ya shule za matajiri.

Kishikwambi nimekirudisha ndani ya kitenge chake. Mwalimu mlezi ameniita Jumamosi nimwonyeshe kupakua, nami nitakwenda. Huyo msomaji wako, kama ana projekta imekaa bure nyumbani, namwomba aipeleke shule iliyo karibu naye. Ila aende na uniti.

Mwanachuo wa ualimu,
Makorora, Tanga.