Sauti hiyo usiondoke nayo

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungebishana, na kubishana ndiko kunakozidi kukuumiza. Unasema sauti yako inakwaruza kwa sababu ya mafua. Mafua hupita, sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu ni ya kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Yako inamaliza mwezi. Chukua rufaa uende Muhimbili kabla hujaripoti kazini Tunduru.

Weka kidole kwenye zoloto, hapo mbele ya koo, useme "zzz", kisha "sss". Ile ya kwanza inatetema. Pumzi kutoka mapafuni inapita kati ya mikunjo miwili ya nyama laini, kwa mwanamke urefu wake sentimita moja na ushei, nayo inagongana kama mara 200 kwa sekunde. Ulimi, midomo, meno na kaakaa ndivyo vinavyougeuza mlio huo kuwa maneno. Sasa wewe unapigia kelele darasa zima kutwa: mikunjo inavimba pale inapogongana zaidi, baadaye inaota vinundu, kama sugu ya kiganja cha mtwangaji. Haifungi tena sawasawa, hewa inavuja. Ndiyo maana kwaya sauti ya kwanza imekushinda, usimsingizie mwalimu wa kwaya.

Na hiyo tangawizi na limau unayokunywa! Vinapita njia ya chakula, kwenye mikunjo havigusi, vikigusa utapaliwa. Hata maji hayafiki pale moja kwa moja, mwili ndio unaolainisha kidogo kidogo, kwa hiyo kunywa kutwa, si kikombe kimoja kengele ikigonga. Kunong'ona kwa kujikaza si kupumzisha sauti. Kupumzisha ni kunyamaza. Ukiwashwa koo usijikohoze, meza funda la maji. Chipsi mayai za saa tano usiku kisha kitandani ziache, asidi ya tumbo inapanda mpaka kwenye zoloto.

Darasani piga makofi wanyamaze ndipo useme. Usiongee umegeukia ubao. Vuta pumzi kabla haijakuishia, usikamulie sentensi mpaka tone la mwisho.

Lakini yote hayo hayaondoi kuonwa. Daktari atapitisha kamera nyembamba puani, dakika chache tu, kwani vinundu, uvimbe mwingine na mshipa wa fahamu ulioharibika vyote vinakwaruza vilevile kwa msikilizaji. Ukipumua kwa shida, ukatema damu au ukashindwa kumeza, usingoje miadi, nenda siku hiyohiyo.

Ualimu wako nimeutangaza mpaka kwa muuza vitumbua, usidhani sifurahi. Ila nenda.

Kadi ya bima iko droo ya juu, chini ya vyeti. Bibi anataka ndoo yake yenye mfuniko. Fundi amemaliza sketi mbili, ya tatu anadai kitambaa hakikutosha. Usimpigie, nitamfuata mwenyewe kesho.

Mama yako