Hobbes asisomwe nusu

Mhariri,

Wanaomtaja mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes vijiweni hapa Moshi ili kutetea utawala wa mabavu wanaishia katikati ya kitabu. Kweli, katika kitabu hicho, Leviathan (1651), sura ya 13, anataja vyanzo vitatu vya ugomvi: kugombea mali, kutoaminiana na kutafuta sifa. Cha pili ndicho kizito. Hata mpole hushika panga akihofia jirani atamuwahi. Ndipo watu wanamkabidhi mamlaka mtu mmoja, au baraza (hili husahauliwa mno!). Lakini sura ya 21 inasema utii hudumu maadamu mtawala anaweza kuwalinda raia. Hata aliyehukumiwa kihalali halazimiki kujiua. Mwanafalsafa mwingine Mwingereza, John Locke, 1689, aliongeza: kodi haitozwi bila ridhaa ya wengi, wenyewe au wawakilishi wao.

Msomaji,
Moshi